Kofia ya Kijani

Kondoa,
11 Juni 2024

Kaka Raphael,

Shikamoo. Na mama, hapo alipokaa akikusikiliza unavyosoma, mwambie Hilda anamsalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, na kwamba nimetii: simu nimeiweka pembeni, nimenunua kalamu. Juzi aliponikatia alisema simu ni ya watu wasio na la kusema, yeye anataka karatasi aishike mkononi hata kama macho hayaioni. Haya mama, shika karatasi. Ukichoka kuishika mrudishie kaka aendelee.

Sisi wazima. Mahindi tumepata kiasi, karanga zimetutia moyo, ila alizeti ndege wameila mpaka nikawatukana matusi ambayo mama asingependa kuyasikia. Meshack anakohoa kidogo kwa ajili ya vumbi lakini anakula kama kawaida, yaani anakula sana. Barua hii anakuletea Mwamvua, jirani yangu anayepeleka karanga sokoni Dodoma. Jibu mpe huyo huyo, lakini uwe na subira, maana haendi mpaka magunia yajae.

Sasa sikia jambo lenyewe. Nimepata kazi! Wanajenga ghorofa la maduka hapa karibu na stendi, na msimamizi wa saiti, anaitwa Thobias, amenipa stoo. Meshack naye amechukuliwa kukunja nondo. Kwa hiyo asubuhi tunatoka pamoja kama wanafunzi, na mimi ndiye ninayempa mume wangu koleo lake na kumwambia alirudishe jioni.

Tatizo langu ni kofia ngumu. Getini hapiti mtu bila kofia, ndiyo sheria, na kofia ziko kwangu. Nimekuta rundo zima, za njano na bluu na nyeupe chache za wakubwa, zimetoka saiti nyingine ambako zilikaa juani juu ya kontena sijui tangu lini. Watu wanavyozitumia utalia. Wakati wa chai wanazikalia. Mwashi mmoja, Yahaya, mcheshi kweli, nilimkuta ananawia ndani ya kofia yake. Mwingine kaitoboa matundu kwa msumari wa moto, eti kichwa kipate hewa. Thobias ameniambia nichambue: mbovu nitenge, nzima nigawe. Nitazijuaje? Kwangu mimi zote ni kofia. Wewe umeshinda ukipaka rangi mabampa ya magari maisha yako yote, plastiki unaijua kuliko inavyojijua. Nifundishe. Mume wangu atavaa mojawapo.

Mdogo wako,
Hilda

*

Kizota, Dodoma,
30 Juni 2024

Mdogo wangu Hilda,

Marahaba. Barua yako imefika na harufu ya karanga. Mama ameishika mpaka ugali ukapoa, halafu akasema wewe tangu utoto unapenda kukagua vyombo vya watu, sasa umepata wa kukulipa kwa hilo. Anakusalimu sana. Macho ni yale yale. Nitampeleka Mvumi hospitali ya misheni wakampime tena, ila kila nikisema twende ananiambia kwanza nimalize kazi za watu.

Na kazi zipo, tumshukuru Mungu. Kule barabarani tulivunjiwa vibanda, nimehamia ndani ya yadi ya bwana mmoja mwenye kompresa nzuri ya kupulizia rangi, ananipa kazi zake nami napaka. Jumapili iliyopita nilimpakia mama rangi lile sanduku lake la nguo. Aliligeuza, akapapasa chini yote kwa vidole akitafuta pa kupumulia. Unakumbuka? Marehemu baba alikuwa hamalizi stuli wala kabati bila kuacha mahali padogo chini, upana wa kidole gumba, hapana rangi, ili mti upumue. Mama alipopapata akacheka, akasema, "Batholomeo hajafa."

Sasa kofia. Sikiliza vizuri, nitaandika kama mwalimu.

Igeuze kwanza. Chini ya ukingo kwa ndani utaona kiduara kilichochongwa kama uso wa saa, kina mshale. Mshale unaonyesha mwezi na katikati kuna mwaka. Hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa ya kofia. Plastiki inazeeka kama sisi, na jua la nchi hii halimwonei mtu huruma. Ikishafika miaka mitano, iage, na kama ilikuwa inaanikwa juani usingoje hata hiyo mitano.

Kisha ishike ubavuni kwa mikono miwili, isogeze sikioni, ibinye taratibu. Nzima inakaa kimya na kurudi ilivyokuwa. Mbovu inalalamika. Pitisha na ukucha: ukiona unga kama wa chaki, jua limeshaila hiyo. Halafu ile mikanda ya ndani, watu wanaidharau, kumbe ndiyo inayobeba kichwa. Kati ya kichwa na ganda lazima pabaki nafasi. Anayejaza humo leso na sigara na simu ameijaza nafasi ya kumwokoa. Iliyowahi kupigwa na kitu kizito, hata usipouona ufa, itupe, maana imeshafanya kazi yake.

Kuosha ni sabuni na maji tu. Petroli marufuku. Zitundike kivulini. Mtu asiikalie, asiitoboe, asiifanye beseni, na huyo Yahaya mwambie hivyo. Ukifuata hayo hutakosea, na shemeji yangu atazeeka na kichwa chake.

Kaka yako,
Raphael

*

Kondoa,
20 Julai 2024

Kaka Raphael,

Shikamoo, na mama shikamoo. Mwamvua alichelewa kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, usidhani ni mimi. Tumekula pilau siku mbili, Meshack amerudi na kitambi ambacho anasema ni cha heshima.

Kaka, barua yako imenifanya mtu mkubwa! Nilifunga mlango wa stoo, nikazibinya zote moja moja sikioni. Weee, zililia kama kuku! Vile viduara vikanimaliza kabisa: nyingine zimezaliwa kabla sijaolewa. Nikazirudisha zote. Nilimwambia Thobias, "Hapa hakuna kofia hata moja, kuna mabakuli." Alinikasirikia, akasema stoo nimepewa kwa fadhila na sasa naleta ukaguzi. Nikamwambia haya chukua moja uvae wewe, nami nipande juu nikuangushie tofali. Hakuchukua. Kesho yake zikapakiwa kwenye lori, zikarudi Dodoma kwa msambazaji zikabadilishwe. Ni bwana anaitwa Octavian, ana yadi hapo hapo Kizota. Labda unamfahamu, Kizota yenyewe si kubwa hivyo.

Watu sasa wananiita Mama Kofia. Yahaya ndiye aliyelianzisha jina hilo, na kila asubuhi ananipigia saluti getini. Kazi ya juu imesimama mpaka mpya zije, wanachimba tu na kukunja nondo, lakini hakuna aliyeninunia, hata vibarua. Meshack anasema anajivunia. Hajawahi kuniambia hivyo tangu anioe, kwa hiyo mwambie mama aniombee kofia ziharibike kila mwezi.

Mdogo wako,
Hilda

*

Kizota, Dodoma,
18 Agosti 2024

Mdogo wangu Hilda,

Marahaba. Natumaini barua hii itawakuta salama. Huku upepo umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Zabibu zimekubali mwaka huu, mama amekula kichala kizima peke yake akasema ni dawa ya macho. Mvumi hatujaenda bado. Bati la jikoni lilinyanyuliwa na upepo, nimelipigilia. Mchungaji anakusalimu. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha. Kazi zipo, nyingi mno, nafika nyumbani mikono inanuka thina ya rangi, mama ananikataza kugusa chakula chake.

Nimefurahi kusikia Meshack ana kitambi.

Mama ameenda kwenye maombi ya akina mama, kwa hiyo haya yanayofuata sitamsomea, nawe usiyajibu. Shehena yenu ya kofia ikifika, ndani yake mtakuta moja ya kijani, peke yake. Usimpe mtu mwingine. Mpe shemeji Meshack, na umwambie asimwazimishe mtu yeyote, awe rafiki, awe ndugu. Fanya hivyo tu, Hilda. Nakuomba kama kaka.

Raphael

*

Kondoa,
4 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Barua hii usimsomee mama.

Shehena ilitangulia barua yako kwa siku chache. Zilishuka kwenye lori zinang'aa mpaka watu wakapiga vigelegele. Njano kama kiini cha yai. Thobias alisimama mlangoni pangu, akasema, "Haya Mama Kofia, mpya hizo, una la kusema?" Nilizigawa. Kazi ya juu ikaanza siku ile ile. Ya kijani niliiona, nikadhani imeingia kwa bahati mbaya, nikaitundika msumarini.

Kisha barua yako ikaja. Nikaisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Kaka, ulijuaje kuwa kuna ya kijani?

Nikaenda kuchukua ya njano. Kiduara hakuna. Pale pa kiduara pamesuguliwa na msasa mpaka pamekuwa laini kama shavu, na mimi ndiye niliyekuwa nimewaambia kwamba napatazama hapo. Nikaibinya sikioni, ikalia, ingawa rangi inaziba sauti. Nikaigeuza. Ndani, nyuma, chini ya ukingo, nikaona mahali padogo hapana rangi. Upana wa kidole gumba. Nikachukua nyingine. Pako. Nyingine. Pako. Umewaachia pa kupumulia, kaka. Plastiki nayo unaiachia ipumue!

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka, maana machozi yalikuwa yanatoka.

Niliitoa ile barua yako ya mwezi wa sita. Uliandika tusizikalie, tusizitoboe, tusizianike, tusizioshe kwa petroli. Rangi hukuitaja. Wewe fundi rangi wa Kizota, unanifundisha kofia ukurasa mzima, halafu unasahau rangi? Jumamosi alipita fundi umeme mmoja kutoka Babati, nikamuuliza kama mtu anayepiga soga tu. Akasema kofia haipakwi rangi ovyo, thina inakula plastiki na rangi inaficha ufa, hata mtoto wa chuo anajua hilo. Hata mtoto wa chuo, kaka.

Sasa nifanye nini? Nikisema, watauliza nani kazipaka, na mimi namjua. Nikinyamaza, kila asubuhi nasimama mlangoni nawakabidhi watu mabakuli, nao wananiambia asante Mama Kofia. Meshack nimempa ya kijani kama ulivyotaka. Ni mpya kweli, mshale wake unaonyesha mwaka huu. Nimemwambia ni zawadi kutoka kwako, akafurahi. Nikimwona nayo kichwani napata nafuu, halafu namwona Yahaya aliye pembeni yake na naona haya.

Nijibu kweli. Usiniandikie habari za mbuzi.

Hilda

*

Kizota, Dodoma,
27 Septemba 2024

Hilda,

Barua yako umeiandika kama hakimu. Marahaba hata hivyo.

Unadhani sikujua? Lori lilipomwaga zile kofia uani, nilizijua kabla sijaambiwa zimetoka wapi, kwa sababu wewe ulikuwa umeshaniandikia zilivyo. Octavian alisema, "Fundi, zifanye mpya." Yadi ni yake. Kompresa ni yake. Nyumba tunayolala na mama iko nyuma ya yadi hiyo hiyo, hilo sikukuandikia. Nilimwambia hizi zimekufa. Akanijibu kwamba wapaka rangi ni wengi, na mama yangu ana miaka mingapi hata ahamehame? Alisema kwa upole, anacheka. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Nimeubusu. Wewe ungefanya nini?

Kiduara nimekisugua kwa amri. Pale pa kupumulia, Hilda, nakuapia sikujua. Mkono umefanya bila kuniuliza. Nilipoisoma barua yako nilitoka nje kuangalia bampa niliyoimaliza, nikakuta napo nimepaacha.

Ile ya kijani niliinunua mwenyewe dukani, nikaichomeka katikati ya mzigo wakati wanafunga kamba. Ndicho nilichoweza. Siwezi kuwakinga wote, nimemkinga wa kwetu. Jengo lenu linaisha Desemba. Bado kidogo tu. Watu wengi wamejenga maghorofa na kofia mbovu wakarudi nyumbani kula. Nyamaza mpaka liishe, na Meshack asiivue.

Mama aliuliza kwa nini safari hii simsomei. Nilishika karatasi tupu mbele yake nikamtungia. Nilisema mmevuna ufuta, Meshack ameacha kukohoa, na wewe umeimba kwaya ukapigiwa makofi. Alifurahi sana. Kwa hiyo ukiandika tena, kumbuka kwamba uliimba.

Raphael

*

Kondoa,
27 Oktoba 2024

Kaka Raphael,

Barua hii msomee mama. Yote. Usiruke mstari, usitunge.

Mama, shikamoo. Sikuimba kwaya. Ufuta hatukulima. Kaka alikutungia kwa sababu nilimwambia asikusomee, kwa hiyo na mimi nimo. Sasa nakueleza mwenyewe, na kaka atakuwa mdomo wangu tu.

Kofia za saiti yetu zilikuwa mbovu. Nilizikataa. Zikapelekwa Dodoma, zikapakwa rangi, zikarudi kama mpya. Aliyezipaka ni Raphael. Nilizijua kwa pale pa kupumulia pa baba. Alinunua moja nzuri, ya kijani, akaniambia nimpe Meshack asiazimishe mtu. Nilimpa. Nilijua zilizobaki ni mbovu, na bado nilizigawa kila asubuhi kwa mkono wangu huu, mpaka Jumatano iliyopita.

Meshack hakujua lolote. Alijua tu kwamba yake ni nzuri kuliko za wenzake, mikanda yake imara, haichezi kichwani. Sasa yeye anakunja nondo chini, karibu na ukuta, na Yahaya anajenga juu, ghorofa ya tatu, kwenye mirunda ya jukwaa. Siku hiyo Meshack aliivua ya kijani akampa Yahaya, wakabadilishana. Alisema, "Anayepanda ndiye anayestahili nzuri, mimi niko chini, nitaangukia wapi?" Niliwaona wanabadilishana. Nilikuwa mlangoni kwangu. Nilitaka kusema, lakini ningesema nini mbele za watu? Na tena, Mungu anisamehe, niliona kama ana hoja. Sote tulikuwa na wazo hilo hilo, kwamba wa kuogopewa ni aliye juu. Hakuna aliyekumbuka kwamba kitu kikianguka hakiendi juu.

Baada ya chai kapi la kupandishia zege liling'oka. Kamba ilirudi kama mjeledi, ikamchapa Yahaya kichwani. Ile ya kijani ililia kama sufuria, yeye akakumbatia mrunda, hana hata mkwaruzo. Ndoo ikashuka na zege lake kwa Meshack. Kofia ilipasuka kama ganda la yai, mama. Niliokota vipande. Ndani plastiki ilikuwa nyeupe, kavu, inamomonyoka mkononi, juu yake njano nzuri inang'aa.

Hajafa. Nashukuru kwa hilo asubuhi na jioni. Fuvu limepasuka upande wa kushoto, wamemfanyia upasuaji. Mkono wa kulia haushiki kitu. Anaongea polepole, neno moja moja, na mara nyingine ananiita kwa jina la marehemu mama yake. Daktari anasema tungoje. Mkono wa fundi nondo, tungoje.

Jana alinishika kwa ule wa kushoto, akasema, "Mwandikie shemeji." Nikamuuliza nimwandikie nini. Akasema, "Mwambie asante. Kofia yake nzuri. Imemwokoa Yahaya." Basi nimekuandikia, kaka. Asante yake ndiyo hiyo, ipokee. Mimi nilimrekebishia shuka.

Thobias tayari anasema Meshack hakufunga mkanda wa kidevuni. Octavian amepiga simu, anasema yeye alituma kofia mpya, kama ziliharibika ziliharibikia stoo. Maana yake mimi. Mkaguzi wa usalama kazini anakuja Jumatatu tarehe nne Novemba, ataingia saiti, na ataanzia kwangu. Sitamdanganya. Nimechoka, kaka. Tangu mwezi wa tisa naishi kama panya kwenye debe, kila ukuta nikipanda nateleza. Nitampa vipande, nitamwonyesha pale pasipo na rangi, na akiniuliza ni mkono wa nani nitasema ni wa ndugu yangu wa tumbo moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami kifo nimekiona kikichungulia.

Lakini nakupa siku hizi zilizobaki. Barua hii Mwamvua hakuwa na magunia, nimemwomba aende nayo mikono mitupu, amekubali. Njoo useme kwa kinywa chako kabla sijasema kwa changu. Na mama, kama kaka atakuwa amefika hapa bila kuruka mstari, basi umejua kwamba sauti yake imebadilika, na unajua kwa nini. Nisamehe.

Hilda

*

Kizota, Dodoma,
31 Oktoba 2024

Mdogo wangu Hilda,

Marahaba.

Nimemsomea mama yote. Sikuruka. Nilipofika kwenye asante ya shemeji sauti ilinikatika, nikadhani atasema niache. Alingoja mpaka nikamaliza, halafu akaniambia, "Rudia." Nikarudia tangu mwanzo. Niliposema tena pa kupumulia aliinuka, akashika ukuta mpaka kwenye sanduku lake, akaligeuza, akapapasa pale mahali. Kisha akaniomba msasa. Nilimpa, Hilda. Alisugua rangi yangu peke yake, haoni, mpaka jioni, sanduku zima likabaki mti mtupu. Sikuthubutu kumsaidia.

Leo asubuhi alisema tu, "Mkaguzi anakuja lini?" Alikuwa amesikia siku, alitaka kusikia kama nami nimesikia.

Nimemrudishia Octavian funguo za yadi. Hakucheka safari hii. Alinikumbusha kwamba hata nyumba ni yake, nikamwambia mama ameshakaa nje juu ya sanduku. Mama namwacha Mvumi kwa binamu yetu Priska, anayekaa karibu na hospitali, nilipopaswa kumpeleka tangu Juni. Mimi napanda basi Jumamosi. Octavian atasema sikutumwa na mtu, na sina shahidi. Hata hivyo nitasema. Kama watanifunga, angalau mtajua nilipo.

Kwa Meshack nitakwenda kwanza. Usimwambie lolote kabla. Asante yake siwezi kuipokea kwenye karatasi, wala siwezi kuirudisha kwenye karatasi.

Jumatatu nitaingia saiti na mkaguzi nimwonyeshe mwenyewe, moja baada ya nyingine. Najua getini hapiti mtu bila kofia. Niwekee moja kati ya zile za njano. Ya kijani mwachie Yahaya.

Kaka yako,
Raphael